Maana ya Nne

Mgeni aliingia bila hodi. Tulishtuka, kwa sababu mlango wa chumba chetu ulikuwa haufunguki ila kwa kusukumwa na bega, na waliojua hivyo tulikuwa watu watatu tu. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, tepu ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni kana kwamba ameinuka kwenye cherehani akaja moja kwa moja. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mpaka kikawa kidogo kama stempu.

"Nani anaandika kamusi hapa?"

Mama Droo, mtunza kadi wetu, alimtazama juu ya miwani. "Tunaiandika sote, dada yangu. Karibu ukae. Unatafuta neno gani?"

"Sitafuti neno. Namtafuta aliyemsikiliza mama yangu."

Alikikunjua kile kipande cha gazeti na kukiweka juu ya meza yangu. Niliijua ile habari. Wiki iliyopita mhariri wetu mkuu alikuwa amehojiwa, na katika kujigamba kwake alisema kwamba kamusi mpya itakuwa na maana ya neno "siri" ambayo haijawahi kuchapwa popote: mtu anayefichwa ndani ya nyumba. Akatoa na mfano. "Siri amekula?"

"Hayo ni maneno ya mama," mgeni alisema. "Aliyasema ndani, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwepo. Sasa niambieni, nani aliwaletea?"

Mama Droo alinitazama. Neno lilikuwa langu.

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane kabla, na hapo kwenye kamusi nilikuwa na mkataba wa majaribio wa miezi sita. Nilipewa sehemu ya herufi S, na "siri" ndilo lililokuwa mtihani wangu. Mhariri aliniambia wazi: nikiliandika vizuri, nikalitetea mbele ya kamati Ijumaa, nitaajiriwa moja kwa moja. Mama yangu mzazi alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza maneno.

Nililipenda neno lile, siwezi kukataa. Kwenye kadi za zamani kabisa, zile zinazobeba kila moja sentensi ya mtu, siri ilikaa kifuani. Mtu alikuwa na siri moyoni, akaitoa kwa amtakaye. Baadaye ikahamia ofisini, ikawa muhuri mwekundu juu ya jalada, na hapo haikuwa ya mtu tena bali ya meza. Kisha wafanyabiashara wakaichukua: siri ya ngozi laini, siri ya mafanikio. Hiyo ndiyo siri ya kwanza kubandikwa ukutani ili kila apitaye aisome. Siku hizi ile ya kwanza imerudi kwa mtu, ikawa tarakimu nne unazobonyeza huku umeikinga simu kwa kiganja. Niliziandika maana hizo tatu nikiwa na furaha ya mtoto. Niliamini kwamba kitu kikishaandikwa waziwazi, kikapangiwa namba, hakiwezi kumdhuru mtu tena.

Maana ya nne ilikuwa kwenye kadi nne tu. Zilipigwa chapa kwa taipureta, na aliyezikusanya alikuwa mtu aliyefariki zamani, ambaye ofisi nzima ilimkumbuka kwa jina la Mzee Sikio. Mama Droo alikuwa akisema yule mzee angeweza kusikia maji yakichemka nyumba ya tatu, na akakwambia sufuria lina mfuniko au halina.

"Tulikuwa na mpangaji," mgeni alisema nilipomweleza. Alikaa polepole. "Mtu mpole, mwenye karatasi nyingi. Alipanga chumba cha pembeni, ukuta wake umeshikana na stoo yetu. Alikuwa na mashine ya kuandikia."

"Ndiye huyo," alisema Mama Droo.

Mshonaji aliitazama mikono yake. Halafu akasema, bila kupoteza maneno, kama mtu anayesoma vipimo vya mteja:

"Baba alikwenda kufanya kazi mbali, miaka miwili. Aliporudi alimkuta mtoto wa miezi minne. Hakumpiga mtu. Alisema tu, huyu atakula hapa, lakini simtaki machoni pangu, asionekane na mtu, na jina lake lisitajwe. Mama akakubali. Angekwenda wapi? Ndugu yangu akakaa stoo. Na kwa kuwa jina halikuruhusiwa, mama akawa anamwita Siri. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Nikirudi na sahani, mama ananiuliza, Siri amekula?"

Nje mtu alikuwa akitoa nakala kwenye mashine, na kwa ukuta ule mwembamba ilisikika kama mtu anayekohoa na kutulia, anakohoa na kutulia. Kila siku nilikuwa naisikia. Siku ile nilitamani izimwe.

"Aliishi miaka mingapi?" niliuliza.

"Saba, karibu na nane."

Mama Droo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na huyo mzee wenu," mshonaji akaendelea, "aliandika mengine?"

Ningeweza kumwambia sijui. Lakini Mama Droo alikuwa ameshainuka. Alirudi na daftari nene lenye jalada la kitambaa, daftari la vyanzo. Kwetu kadi hukaa chini ya neno, si chini ya aliyelisema. Mtu mmoja akisema sentensi mia, sentensi zake hutawanywa kwenye droo mia, na hakuna atakayejua kwamba zilitoka kinywa kimoja. Ila kila mkusanyaji alikuwa na daftari lake, na humo aliandika namba ya chanzo na maneno aliyoyapata hapo. Chanzo cha kumi na saba cha Mzee Sikio kilikuwa kimeandikwa hivi: *Chumba cha nyuma, kupitia ukutani.* Chini yake yalipangwa maneno, moja moja, kwa mwandiko wa kalamu. Jua. Ndoo. Gonga. Tena. Refu. Jibu. Uongo. Yalijaza kurasa mbili.

Nimesoma orodha nyingi za maneno, ndiyo kazi niliyosomea. Ile nilishindwa kuimaliza.

"Rudi Alhamisi, mama," nilimwambia mgeni. "Nitakutafutia zote."

Alipotoka, Mama Droo aliniambia, "Mwanangu, unajua kwamba Ijumaa ni kamati? Na 'sitiri' hujaigusa, na 'siti' pia?"

"Najua."

"Haya. Mimi nachukua A mpaka K. Wewe una miguu, chukua zilizobaki, za juu."

Tulitafuta siku mbili. Mhariri alikuwa akishinda kwa mchapaji, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza. Nilipanda ngazi, nikashuka, nikavuta droo, nikapekua kwa vidole mpaka vikawa vyeusi kwa vumbi. Kadi zilikuwa pale pale zilipowekwa, zikiwa zimebanwa katikati ya mahubiri, matangazo ya mnada na barua za wasomaji. Zilikuwa sitini na tatu. Kila nilipoipata moja niliinakili kwenye daftari jipya kwa kalamu, kwa sababu sheria ya chumba hairuhusu kadi kutoka, kisha nikairudisha mahali pake. Nilipoanza kuzipanga kwa tarehe, mtoto akaanza kukua mbele yangu. Kwanza maneno mawili. Kisha matano. Kisha maswali.

Mchana wa siku ya pili nilimuuliza Mama Droo, "Unafikiri alijua?"

"Nani?"

"Mzee Sikio. Unafikiri alijua kwamba kuna mtoto amefungiwa?"

Alisukuma droo ikafunga. "Alikuwa mtu mwema. Nikipiga chafya tu, ananipa pole kutoka chumba kingine." Akavuta droo nyingine. "Mtu mwenye masikio yale, mwanangu, hakosi kujua."

"Na hakwenda kusema popote."

"Aliandika."

"Kuandika si kusema!"

"Usinigombeze mimi," alisema kwa upole. "Mimi natunza droo."

Niliona aibu. Maana nilikumbuka kwamba na mimi nilikuwa nimezisoma zile kadi nne wiki tatu nzima, nikazipangia namba nne, nikaandika *matumizi ya nyumbani*, nikaenda kunywa chai. Sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyekula.

Alhamisi mshonaji alikuja na hodi. Safari hii hakuwa na tepu, alikuwa amevaa nguo ya kwenda kwa watu. Nilimwekea kiti karibu na dirisha, nikamwambia macho yangu ni mazuri, nitamsomea.

Nilisoma ya chini ya "jua": *Leo kuna jua au hakuna?*

Ya chini ya "ndoo": *Ndoo ikikaribia kujaa, sauti yake inakuwa nyembamba.*

Hapo alitabasamu. "Alikuwa hivyo. Alijua nani anapita uani kwa viatu. Alikuwa akituigiza sote, hata kikohozi cha baba. Tulicheka, tunaziba midomo kwa kanga."

Ya chini ya "refu": *Mimi nimekuwa mrefu mpaka hapa.*

"Mpaka wapi?" aliuliza haraka.

"Kadi haisemi, mama."

Nikaendelea. Nilifika tarehe ambayo niliiogopa tangu jana yake. Chini ya "gonga": *Wewe wa ukutani, unagonga nini?* Chini ya "tena", siku ileile: *Gonga tena.* Na baada ya siku tatu, chini ya "jibu": *Yule wa ukutani amenijibu.*

Mshonaji alishika ukingo wa meza.

"Soma inayofuata."

Niliufunika mstari kwa kidole.

"Binti, soma."

Ilikuwa chini ya "uongo". *Hakuna mtu ukutani, acha uongo wako.*

"Huyo ni mimi," alisema.

Mashine ya nakala ilikohoa ikatulia. Mama Droo alikuwa amesimama kati ya makabati, kadi mkononi, hajui pa kuiweka.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kila nikiingia ananiambia kuna mtu ukutani, anagonga, na yeye akigonga anajibiwa. Mama akaogopa, akasema ni shetani amemwingia. Mimi nikasema ni uongo. Nikampiga kibao. Tangu siku ile hakunitajia tena." Alipumua. "Miaka hamsini najiuliza kama aliona kitu asichokiona mtu mwingine, au ni upweke tu ulimharibu akili. Kumbe kulikuwa na mtu. Kumbe mashine yake ya kuandikia."

"Alimjibu," nilisema. "Angalau alimjibu, mama."

"Alimjibu kwa kugonga," alisema mshonaji. "Mlango ulikuwa hatua nne kutoka kwake."

Kadi za mwisho zilikuwa za majira ya baridi. Nilizisoma kwa kasi moja, nisitetereke. *Siri ana homa. Siri anataka maji. Tukimpeleka wataona.* Na ya mwisho kabisa, ambayo nilikuwa nimeiweka iwe mfano wa tatu kwenye ukurasa wangu: *Siri leo hakuamka.* Baada ya hapo chanzo cha kumi na saba hakikuwa na neno. Mwezi uleule Mzee Sikio alihama.

Nilimpa daftari nililolinakili. Alilipapasa jalada kama anavyopapasa kitambaa kujua kina pamba kiasi gani.

"Sasa na mimi nina ombi," alisema. "Msimweke kwenye kamusi."

Nilijaribu kumweleza. Namkumbuka binti yule niliyekuwa, jinsi alivyokaa ukingoni mwa kiti akiongea kwa mikono yote miwili. Nilimwambia watu wakijua, haitatokea tena. Nilimwambia tunaweza kuandika maelezo, tukasema waziwazi kwamba alikuwa mtoto, kwamba alionewa. Nilimwambia siri ndiyo iliyomuua ndugu yake, na sisi ndio watu wa kuivunja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama kwa huruma, jambo lililonichoma kuliko kama angekasirika.

"Mama yu hai," alisema. "Ana miaka tisini na moja. Amesahau majina yetu, amesahau hata kwamba baba alikufa. Lakini kila asubuhi ananiuliza, Siri amekula? Namjibu, amekula, mama. Ndipo naye anakubali kula. Wajukuu wanadhani ni paka wa zamani. Siku nikimzika, nitawaita wote nitawaambia, na nitaanza na jina lake. Si la kufichia. Lake." Akainamisha kichwa, akanitajia jina lile sikioni. Lilikuwa jina la kawaida kabisa, la mtoto yeyote anayeitwa na mama yake aje kuoga. "Wakianzia kwenye kitabu chenu, wewe mwenyewe niambie, watamjua kama nani? Atakuwa maana ya nne."

Niliishusha mikono yangu mapajani.

"Niahidi. Na wakikuuliza kwa nini, usiwaambie. Si hao wakubwa wako, si gazeti. Nataka niseme mimi."

"Naahidi," nilisema.

Alisimama, akamshika Mama Droo mkono, akasukuma mlango kwa bega kama mwenyeji, akaenda.

Ijumaa asubuhi kamati ilikaa. Walikuwa watano, na mhariri mkuu mwishoni mwa meza, amevaa tai aliyoivaa kwenye picha ya gazeti. Alikuwa mtu mwenye kupenda kanuni, na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: hakuna maana inayochapwa mpaka mwandishi wake athibitishe chanzo na kuweka sahihi. Jumatatu kitabu kinakwenda mtamboni. Nilisambaza ukurasa wangu. Walisoma kimya, kisha mhariri akaugeuza nyuma, akaugeuza tena mbele.

"Msomi, naona maana tatu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ya nne imeanguka njiani?"

"Nimeiondoa."

"Kadi zina kasoro?"

"Hapana. Kadi ni nzuri."

"Chanzo kina shaka?"

"Hakina."

Mjumbe mmoja, mzee mwenye mzaha, alicheka. "Ukurasa mzima wa siri, na bado binti anatuficha!" Wengine wakacheka naye. Mhariri hakucheka.

"Gazeti limeshaandika," alisema. "Watu wananipigia simu. Ile ndiyo maana watakayonunulia kitabu. Unaiondoa kwa sababu gani?"

"Nimemwahidi mtu."

"Nani?"

"Siwezi kusema, mwalimu."

"Umemwahidi nini huyo mtu?"

"Hilo pia siwezi."

Aliomba mapumziko ya dakika tano. Wajumbe walitoka kwenda kunyoosha miguu, na yeye akavuta kiti chake mpaka karibu nami. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenipa kazi wakati barua zangu nyingine zote hazijajibiwa, na ndiye aliyenifundisha kwamba sentensi ya mfano iwe ni kitu ambacho mtu alikisema kweli.

"Sikiliza, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Barua yako ya ajira iko mezani kwangu, imebaki sahihi. Siwezi kuiambia kamati kwamba nimemwajiri mtu anayefuta kadi safi bila sababu. Nipe sababu. Niambie mimi tu. Mimi nitatafuta maneno ya kuwaambia."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilijua angetunza, nilijua huenda angelia. Nilifikiri juu ya mama yangu na majirani zake. Nilifikiri juu ya chumba kile chenye droo, harufu ya karatasi, miaka ambayo ningeweza kukaa humo nikisikiliza watu waliokufa wakiulizana habari. Jina la yule mtoto lilikuwa limenijaa mdomoni, jepesi, na nikahisi kwamba nikifungua tu midomo litatoka lenyewe.

"Nisamehe, mwalimu," nilisema.

Mhariri aliinuka. Kisha akarudisha kiti chake mahali pake, na wajumbe wakaingia, na mmoja akawa bado anafuta mikono.

"Hakuna sahihi ya maana ya nne," mhariri aliwaambia. "Kwa hiyo haiendi. Na mkataba wa ndugu yetu unamalizika mwisho wa mwezi, kama ulivyoandikwa."

Alinisogezea fomu ya kuthibitisha ukurasa. Kwenye nafasi ya idadi ya maana niliandika *tatu*, nikaweka sahihi, nikamrudishia.